Kiingereza cha kuongea kinataka mdomo, sio ubao

Mhariri, naomba kanafasi. Mi ni mwalimu wa Kiingereza, jioni nina darasa la kuongea hapa Tanga, watu 12 tu, kuna bodaboda, mama wa duka na vijana waliomaliza fomu foo. Hawa vijana ndo wananiuma roho, maana msingi wamesoma kwa Kiswahili, sekondari miaka 4 masomo karibu yote Kiingereza, sarufi wanajaza vizuri tu kwenye mtihani ila ukimuuliza jana ulikula nini anaangalia chini.

Mi naamini mtu anajifunza kuongea kwa kuongea, na hawezi kuongea huku anaogopa kuchekwa. Kwa hiyo kozi nimeipanga kwa shughuli, kuelekeza njia, kubishana bei, halafu kupiga simu ya kikazi, hapo wanakaa wamepeana migongo ili mikono na sura zisiwasaidie. Wawili wawili, dakika kumi, mi nazunguka na daftari simkatishi mtu, makosa nayaandika tunayarekebisha mwishoni wote bila kutaja nani kakosea. Kiswahili sikipigi marufuku, ukikwama neno liseme kwa Kiswahili uendelee. Mi mwenyewe nikiwa fomu wani nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, nikanyamaza mwaka mzima.

Walimu wenzangu wa sekondari, tengeni hata kipindi kimoja kwa wiki watoto waongee tu, bila maksi. Najua madarasa yamejaa, lakini wawili wawili inawezekana hata wakiwa 80, kelele zitakuwepo na mkuu wa shule aelezwe mapema.

Mwalimu wa jioni, Tanga