Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye ufunguo wa ukumbi

Lubumbashi, Jumatano

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili kiti chako. Neno kiti nimelitumia makusudi, utaona mbele. Tangu Agosti nimekuletea barua tatu ofisini. Zote zilipigwa mhuri na kijana mmoja mwenye adabu sana, akaniambia nirudi Jumatatu. Hakusema ya mwaka gani.

Jumamosi iliyopita lilikuwa lianze tamasha letu la vitabu la kila mwaka, lile ulilolifungua mwaka jana kwa mkono wako. Ulikata utepe, ukala sambusa, ukashika kipaza sauti: mwaka unaokuja ukumbi huu ni wenu, bure. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, ndiyo maana leo naona aibu zaidi.

Ijumaa jioni tukaingiza viti 80 vya plastiki, vya kukodi. Asubuhi yake tukakuta kufuli jipya, bado lina mafuta ya dukani. Mlinzi akasema ni amri kutoka juu. Juu wapi? Akaonyesha kwa kidevu. Saa nne mvua ikashuka, hii ya Novemba isiyobisha hodi. Waandishi sita, mchekeshaji, mpiga gitaa na watoto wa shule kutoka Katuba, wote tukajibanza chini ya mwembe mmoja. Maboksi yalilowa upande wa chini: unanyanyua boksi, vitabu vinabaki kwenye tope. Vingine vilipita mpakani Kasumbalesa, tukavilipia kama vile ni saruji. Sasa vimekauka lakini vimefura kama maandazi, na kurasa zimegandana.

Watu wanasema mengi. Eti ukumbi wamepewa watu wa semina wanaolipa dola. Eti mlinzi hajalipwa miezi minne na kufuli ni lake. Mimi, unisamehe, namfikiria mchekeshaji wetu, ambaye mwaka jana aliiga mkubwa fulani anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. Ulicheka, nilikuona. Labda ulicheka meno tu.

Na huu si mji wa kufundishwa vitabu, Mheshimiwa. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu walijiandikia historia yake, kwa Kiswahili hiki chetu tunachoambiwa si safi. Mudimbe, yule mwandishi na mwanafalsafa, alizaliwa Likasi, akafundisha chuo kikuu hapa hapa. Fiston Mwanza Mujila, mwandishi wa riwaya, ni mtoto wa Lubumbashi, wa mwaka 1981; leo msomaji wa Graz, huko Austria anakoishi, anampata dukani kirahisi kuliko msomaji wa Kenya. Nasema Kenya komini yetu ya hapa mjini, ofisi yako isije ikapeleka nakala Nairobi.

Lakini nirudi kwenye viti. Vimo ndani. Leo ni siku ya sita, na kila kiti ni franka 500 kwa siku. Piga hesabu wewe mwenye wahasibu. Mimi nimeshapiga, ni 40,000 kila jua likizama. Mwenye viti, mama mmoja wa Kamalondo, anafika kwangu saa kumi na mbili asubuhi kabla sijanawa uso. "Mwalimu, viti yangu iko wapi?" Hapandishi sauti, na hilo ndilo linaloniua. Jana nimempa redio ya marehemu baba aishike rehani. Mke wangu ameacha kuuliza, anatua bukari, ugali wetu, mezani kwa kishindo tu.

Nilikuwa na mengi ya kukuomba: ukumbi wenyewe kwa maandishi, wasimulizi wa Kiswahili wasiwekwe saa ya mwisho watu wakiwa wanakimbilia mabasi, hata maktaba. Yote nayaweka kando. Ile ahadi pia, kama inakusumbua, nakurudishia. Tuma mtu na ufunguo. Robo saa inatosha. Vyekundu 50, vyeupe 30. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni, keshokutwa pia, na mwenye mkokoteni nimeshaongea naye.

Wako mwenye heshima,
Mwalimu wa zamani, mwuza vitabu wa kando ya barabara

Tena: kiti kimoja cheupe kina mguu uliovunjika. Kilikuja hivyo, msihangaike kukificha.