Mwanangu anaisikiliza sauti yangu mbio mbio

Shangazi, asalaam aleikum. Nimekesha, naandika kabla watu hawajaamka kwa sala.

Mwanangu yuko Unguja kikazi. Vidole vyangu havinitii kwa kuandika, hata barua hii imenichukua usiku kucha, ndiyo maana namtumia voisi. Basi kaja huku Pemba msimu huu wa karafuu, sisi tuko uani tunachambua makonyo, nasikia ndani sauti ya mwanamke inabwata haraka haraka. Kumbe mimi. Ni ile voisi niliyomweleza mguu wa baba yake, kaiweka mwendo mara mbili. Naambiwa WhatsApp waliileta hiyo tangu 2021 na watu wote wanafanya. Watu wote sikuwazaa mimi.

Nilipomuuliza akasema, "Mama, naokoa muda, meseji za kazini nyingi." Sawa. Mimi sigombani na simu, hata bei ya karafuu naipata humo humo. Lakini muda aliouokoa kwangu anaupeleka wapi? Usiku namsikia: kivideo, kivideo, kivideo. Nikamuuliza nani anamchagulia. Akanambia ni simu yenyewe, inapima alichokitazama mpaka mwisho, kisha inamletea cha mfano wake, na haviishi. Hicho kinachompima anakipa usiku mzima, mimi niliyemzaa ananikimbiza.

Na ile voisi nilikuwa nalia, Shangazi. Kwa mbio ile kilio hakisikiki. Alinijibu kidole gumba.

Wasije wakasema namdai shukrani. Pesa analeta, simu hii kaninunulia yeye, mtoto mwema, sitaki asemwe. Ila mimi nikizungumza natua, naacha adhana ipite, namuuliza kala nini hata kama najua. Hayo ndiyo niliyokuwa namtumia. Habari ya mguu angeipata kwa yeyote.

Tangu arudi Unguja sijamtumia kitu, naye kaniandikia tu "Mzima?" Babaake anasema nimpigie. Nikimpigia anaitikia "eeh, eeh" na vivideo vinalia nyuma. Sasa nimwambie kuwa nalia na mbio zile, au nitume fupi fupi anavyotaka yeye? Fupi sitaki. Kunyamaza nako siwezi, jana nimerikodi moja nikaifuta.

Jina langu usilitoe, na yeye anakusoma. Lakini mguu wa baba yake uache hapo, pengine atajijua.

Mama, Pemba