Picha za askari wa farasi: tuonyesheni na mgongo

Mhariri, assalamu alaykum.

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu, maana huku kwenye magrupu ya kuuza vitu vya kale hapa Unguja mambo yamezidi. Mtu anapata picha ya watu juu ya farasi, hajui imetoka wapi, basi chini anaandika "askari wa farasi wa Seyyid Said, 1840, orijino, bei maelewano" na watu wanaanza kutaja dola. Juzi juzi imerushwa moja ya namna hiyo na nyuma ya wale farasi Beit al Ajaib inaonekana wazi kabisa, tena na mnara wa saa kifuani. Jamani! Sultani Seyyid Said kafariki 1856, Beit al Ajaib kaijenga mwanawe Barghash 1883, na huo mnara kuwa kwenye jengo lenyewe ni baada ya Waingereza kutupiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Kabla ya hapo mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaharibiwa siku ile. Kwa hiyo ukiona mnara uko mbali na jengo jua picha imepigwa kabla ya mizinga, ukiuona umo kwenye jengo ni baadae, hilo halitaki shahada.

Halafu kuna hili wauzaji hawataki kulisikia, kwamba siku picha ilipopigwa na siku iliposafishwa ni vitu viwili. Studio za Mji Mkongwe kama za kina Gomes na Coutinho zilikuwa na negativu zao, picha ikipendwa inasafishwa tena na tena, inatiwa kwenye postikadi, na baadae mtu mwengine anaipiga picha ile picha. Sasa wewe unaweza kushika sura ya zama za Sultani Hamoud kwenye karatasi ya juzi tu. Mimi nikipata ya karatasi naipeleka kwa rafiki yangu anayebadilisha pesa Darajani, naiweka chini ya ile taa yake ya kukagulia noti, ikiwaka weupe wa kibuluu kama kanzu ya Idi basi hiyo hainiumizi kichwa, karatasi za picha zilianza kutiwa dawa ya kung'arisha weupe kwenye miaka ya 1950. Isipowaka haijawa ya kale bado, maana si karatasi zote mpya zina hiyo dawa, lakini angalau hujatoka mchezoni. Pia ombeni kile kioo cha sonara muangalie usoni mwa askari, mkiona vidoto vidoto vimepangwa safu hiyo imepigwa chapa mashineni, picha iliyosafishwa kwa dawa haina vidoto.

Kama ni postikadi geuza. Ule mstari wa katikati, upande mmoja salamu upande mmoja anuani, Waingereza waliuruhusu 1902 na Wamarekani 1907, kabla ya hapo mgongo mzima ulikuwa wa anuani na salamu watu wanabana pembezoni mwa picha. Sasa kadi ya Kiingereza ina mstari halafu mtu anakwambia ya 1890, hapo mwambie asante, endelea na safari.

Za nje nazo zimeingia, vijana wanaagiza mtandaoni kisha wanauza tena humu humu. Niliona kipande cha bati jeusi, askari wa farasi wa Marekani kakaa na upanga wake, na muuzaji kaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba huyu bwana alikuwa wa mkono wa shoto ndio maana upanga uko kulia. Wallahi nilicheka peke yangu. Picha za bati, ambazo zilianza Marekani 1856 na ni chuma chembamba kilichopakwa rangi (weka sumaku inanasa), zinatoka kinyume kama unavyojiona kwenye kioo. Askari wa farasi upanga unaning'inia kushoto, kwa hiyo kwenye bati utauona kulia, na herufi za US kwenye kifungo cha mkanda zinasomeka nyuma mbele. Ingekuwa kwenye bati zinasomeka sawa ndio ningetia shaka. Na zile ndogo za karatasi zilizogandishwa kwenye kadi, Wamarekani walizitoza kodi kwa ajili ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866, kwa hiyo ukikuta stempu ya kodi mgongoni umeshapewa mwaka bure.

Kwenye vyombo ndio balaa zaidi. Kuna upanga unazungushwa sasa hivi unaitwa "wa Sayyid Barghash". Nimeomba picha ya karibu ya bapa, ikaja: taji, chini yake GR na V katikati. Huyo ni mfalme George wa tano wa Uingereza, 1910 mpaka 1936. Barghash kafariki 1888! Na ubapa wenyewe umenyooka, mwembamba, wa kuchomea si wa kukatia, na mpini una kikombe kikubwa cha kukinga mkono, hiyo ni sura ya panga za wapanda farasi wa Kiingereza za 1908 na za maofisa za 1912. Ni kitu kizuri na kina bei yake, kwani lazima kiwe cha Sultani? Matandiko nayo hivyo hivyo, mtu anauza tandiko la 1860 na lina skrubu ya nyota, skrubu ambazo zimetoka miaka ya 1930. Fundi anaweza kuwa alilitengeneza baadae, sawa, basi sema.

Na tafadhalini acheni kusugua! Mtu anapiga msasa na Brasso mpaka namba ya kikosi iliyogongwa kwenye mpini inafutika, halafu anasema sasa kinang'ara.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Kama mna nafasi ukurasa wa nyuma, tieni picha moja ya zamani kila wiki, mbele yake na mgongo wake, na rula pembeni ili tujue ukubwa, wasomaji watoe mwaka na waseme wameuonaje. Zile wazee walizotuachia majumbani zipelekwe pia Nyaraka, ile hifadhi ya kumbukumbu pale Kilimani, zikaangaliwe kabla hazijapandishwa ndege. Picha ya kwanza nitaileta mimi mwenyewe ofisini kwenu, ni ya mpanda farasi na nyuma yake kuna muhuri wa studio nusu umefutika.

Msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja