Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani: Kabla ndege za kivita za F-35 hazijatua kituo cha anga cha Büchel

Mheshimiwa Waziri,

YAH: AJALI ZA STARFIGHTER NA AHADI TUNAYOIOMBA

Nakuandikia kwa Kiswahili, nikiwa mzaliwa wa Usambara ninayeishi na kulipa kodi nchini mwako. Kai-Uwe von Hassel, aliyeshika wizara yako kuanzia 1963 hadi 1966, naye alizaliwa kwetu, Gare, mwaka 1913. Ni katika kipindi chake ndipo ndege za kivita za F-104 Starfighter zilipoanguka mfululizo hadi nchi nzima ikataharuki. Tarehe 10 Machi 1970, yeye akiwa Spika wa Bunge, mwanawe Joachim, rubani wa kikosi cha anga cha jeshi la majini, alikufa ndani ya Starfighter.

Kwa jumla Ujerumani Magharibi ilipokea Starfighter 916. Zilizopotea zinakaribia 300, na marubani 116 walikufa. Wajane wao walizoea kusikia kwamba ndege ile ilikuwa jeneza.

Mheshimiwa, naomba tusiishie kuilaumu ndege. Hispania ilikuwa na Starfighter 21 na haikupoteza hata moja. Wahispania waliitumia kwa kazi iliyoundiwa, yaani kupaa haraka na kumkabili adui juu angani, tena kwenye anga lao jeupe. Ujerumani iliyosaini mkataba mwaka 1959 ilitaka ndege hiyohiyo izuie, ipeleleze, ishambulie ardhini na ibebe bomu la nyuklia ikiruka chinichini. Ikaongezewa vifaa, ikazidi uzito. Vijana waliofundishwa chini ya jua la Arizona, Marekani, walirudi kurusha ndege hiyo katika mawingu na mvua za Ulaya. Ndege zililala nje kwa uhaba wa mabanda, na mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache. Kazi nyingi iliangukia vijana wa mujibu wa sheria ambao, wakishaanza kuielewa mitambo, muda wao jeshini ulikuwa umekwisha.

Dalili zilionekana mapema. Tarehe 19 Juni 1962, karibu na kituo cha anga cha Nörvenich, Starfighter nne zilikuwa zikifanya mazoezi ya maonyesho ya kuzindua ndege hizo jeshini. Ziliingia mawinguni zikifuatana na kiongozi wao, zikatoka zikielekea ardhini. Marubani wote wanne walikufa. Michezo ya angani ya makundi ilipigwa marufuku, lakini ununuzi uliendelea kwa kasi ileile.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyowapata waliosema. Erich Hartmann, rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko yeyote katika historia ya vita, alionya kwamba jeshi lilikuwa bado halijawa tayari kwa Starfighter. Alionekana msumbufu, na mwaka 1970 akastaafu mapema. Mkuu wa Jeshi la Anga, Werner Panitzki, aliposema hadharani mwaka 1966 kwamba ununuzi ule ulikuwa wa kisiasa, alipoteza cheo chake. Aliyemrithi, Johannes Steinhoff, hakuleta ndege mpya. Aliongeza mafunzo, akaimarisha matengenezo, na viti vya kumrusha rubani nje ya ndege wakati wa hatari vikabadilishwa. Ajali zikapungua. Maana yake ni kwamba wengi kati ya wale vijana wangeweza kuokolewa kwa mambo ambayo wataalamu walikuwa wameyasema tangu mwanzo.

Sasa mmeagiza F-35 thelathini na tano. Zitakaa Büchel, kituo ambacho Starfighter zilikaa kabla ya ndege za kivita za Tornado, na zitapewa jukumu lilelile la bomu la nyuklia la Marekani. Sisemi F-35 ni mbovu. Nauliza kama mabanda, mafundi na saa za mafunzo vitakuwa tayari kabla ya ndege, au vitaikimbiza kwa nyuma tena.

Kwa hiyo naomba uahidi kwa maandishi, kabla ndege ya kwanza haijatua Büchel: taarifa ya uchunguzi wa kila ajali itachapishwa yote, ikiondolewa siri za silaha tu, Bunge litaelezwa kila mwaka kila rubani ameruka saa ngapi, na afisa yeyote atakayesema "hatujawa tayari" atalindwa cheo chake. Jibu lako lielekezwe kwanza kwa familia za marubani watakaopangiwa Büchel.

Wako,
Mzaliwa wa Usambara, mkazi wa Ujerumani