Harambee ya Mwalimu wetu: kisu kimepita, mionzi bado

Ndugu wazazi, wanafunzi wa zamani na majirani wa Bwera na Mpondwe,

Tunarudi kwenu, tukiona haya kuomba tena. Mlishatoa, wengine kwa kukopa, na Mwalimu wetu wa Kiswahili akapasuliwa. Kipande cha taya la chini kimeondolewa pamoja na uvimbe. Mwisho wa muhula alikuja darasani shavu limefunikwa kitambaa. Aliandika ubaoni, mtoto wa dawati la mbele akasoma kwa sauti, maana Mwalimu mwenyewe maneno hayamtoki. Anakunywa uji na supu kwa mrija.

Ugonjwa huu ni osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe. Katika taya ni nadra, na mwanzoni huweza kufanana na jino bovu. Mwalimu aling'olewa gego, uvimbe ukazidi, mdomo ukafa ganzi, ndipo kinyama kikapelekwa kupimwa.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini asipewe dawa tu, kama yule mtoto wa jirani aliyepona uvimbe wa taya. Wa mtoto ulikuwa Burkitt, saratani nyingine, ile ambayo daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Ule huyeyuka kwa dawa. Huu wa Mwalimu tegemeo lake kubwa ni kisu. Sasa majibu ya maabara yanasema seli za saratani zimeonekana hadi ukingoni mwa kipande kilichokatwa, yaani huenda nyingine zimebaki mwilini, kwa hiyo madaktari wanataka apigwe mionzi ya kuziua.

Mionzi ni dakika chache tu kwa siku, lakini ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki 6, na haifai kukatizwa katikati. Kabla ya hapo meno mabovu yang'olewe, kwa kuwa mfupa uliopigwa mionzi hauponi vizuri ukijeruhiwa baadaye. Kutoka huku mpakani hawezi kwenda Kampala na kurudi kila siku. Anahitaji chumba karibu na Mulago, chakula laini, na mtu wa kumuuguza.

Mnakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika, wagonjwa wakahangaika hadi Nairobi. Leo mashine zipo hapa hapa Uganda. Hatuombi tiketi ya India! Tunaomba kodi ya chumba.

Zinatakiwa shilingi 6,500,000. Mkononi zipo 2,150,000. Zimebaki 4,350,000. Mhazini atasoma hesabu kila Jumapili baada ya ibada, na kila risiti itabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kwa wale mliofundishwa naye na leo mna maduka, malori na vyeo: majina yenu tunayajua, na yeye anayajua zaidi. Mwezi uliopita tulichangia ng'ombe wawili wa harusi kwa jioni moja. Hatusemi harusi ni mbaya.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Mchungaji na Imamu wote wameahidi kuwepo. Walio mbali watume kwa simu kwa mhazini. Asiye na pesa alete kuku, kahawa au mkungu wa ndizi, tutapiga mnada. Mwenye chumba Kampala cha kumkaribisha Mwalimu atuambie kabla ya siku hiyo, tupunguze lengo.

Mungu awazidishie.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya wazazi