Jumamosi ni Captain Alex, sio Jumapili tena

Wadau mambo vipi, poleni na kazi. Ile sinema tumeirudisha nyuma siku moja, sasa ni Jumamosi saa 11 jioni kwangu hapa Sinza, maana mwenye projekta Jumapili ana harusi.

Tunaangalia Who Killed Captain Alex, ile ya Waganda wa Wakaliga ya 2010. Wanaosema picha mbovu, ndo raha yenyewe jamani! Helikopta ya kompyuta inalipua Kampala, watu wanarushana kungfu, na VJ Emmie anapiga domo juu ya picha mwanzo mwisho kama tuko banda umiza (vile vibanda vya video) enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa sinema, mi nishaiona mara nne na bado nacheka. Ila msiniulize nani kamuua Alex.

Mchango ni 5,000 kwa kichwa, ya soda, barafu na mishkaki, mtumieni mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
1. Mwenye spika kubwa aseme
2. Mikeka miwili, viti havitoshi

Anayekuja aandike NIPO hapa chini leo, asiyekuja pia aseme, sio mtu anasoma anakausha halafu Jumamosi anatokea na shemeji watatu 😂