Barua kutoka Tunguu: kufuli la mlango wa nyuma

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Wazima huko Wete? Mguu wa mama umepata nafuu? Sisi wazima, ila nimeshika kalamu kwa ajili ya mdogo wako Rukia na huu mlango wa nyuma.

Nyumba yetu unaijua, ushalala. Sasa tumejaa, kila chumba watu wanne, na mwenye nyumba katia nondo madirisha yote. Mlango wa nyuma kaupiga kufuli, ufunguo anao mwenyewe kwake Mwera. Mtungi wa gesi uko ukumbini, karibu na mlango wa mbele. Likizuka la kuzuka pale, sisi wa vyumba vya nyuma tutatokea wapi? Na Rukia ndiye wa mwisho kabisa, na usingizi wake unaujua.

Juzi Zimamoto walikuja chuoni kutufundisha. Afande akasema gesi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, ukisikia harufu usiguse hata swichi ya taa, fungua milango. Nikawa nauwaza wetu tu. Shule ya Shauritanga, kule Kilimanjaro, mwaka 1994 walikufa kwa moto bwenini wasichana wasiopungua 40. Shule ya Endarasha kule Kenya, 2024, watoto 21. Wallahi usiku silali vizuri.

Ekstensheni iliyokuwa ikibeba pasi, birika la umeme na simu za watu wote tumeitupa, plagi yake ilishababuka. Tumechanga tukanunua nyengine, na birika lina zamu. Lakini kufuli si letu. Tulipomwambia akajibu, "Mwizi akiingia mtanilipa nyinyi?" Wezi wapo, simkatalii. Basi atie komeo kwa ndani, lisilotaka ufunguo! Na nondo za dirisha moja kila chumba azitie bawaba. Fundi wa kuchomelea yupo hapa hapa njiani.

Mjomba Hamadi anaswali naye msikiti mmoja. Naomba amwambie yeye, mtu mzima humsikia mwenzake. Akikataa tutawaandikia Zimamoto waje kukagua, ingawa namuogopea Salma, kodi yake bado, asije akatolewa yeye.

Mjomba anarudi lini Unguja? Nimpigie mimi au utamtangulia wewe? Mama tumwambie, au tumuache na presha yake? Na kule dahalia ulikomuulizia Rukia nafasi, wamekujibu? Nijibu kabla ya Ijumaa, ndiyo siku anayokuja kuchukua kodi.

Wako,
Mwanaidi